Mzigo wa Utapeli wa Simu Usiachiwe Anayepigiwa

Meseji yenyewe ni fupi, na mwenye simu nchini Tanzania ambaye hajaipata yeye, amemsikia aliyeipata: “Ile hela nitumie kwenye namba hii,” kisha linatajwa jina litakalotokea. Haina salamu, haimtaji anayeandikiwa, wala haisemi ni hela gani. Nguvu yake imo humo humo kwenye upungufu huo. Aliyeituma hamjui anayemwandikia. Anachojua ni kwamba ukiwatumia watu elfu moja maneno hayo mwishoni mwa mwezi, hutakosa wachache ambao saa hiyo hiyo wanajiandaa kutuma kodi kwa mwenye nyumba, ada ya mtoto, mchango wa msiba au deni la dukani. Kwao meseji hiyo haiji kama jambo geni, maana wao wamekwisha kupanga kutuma na wanachosubiri ni namba tu. Katika mazungumzo ya leo nataka kutetea hoja moja: kumwambia mwananchi awe makini ni sahihi, lakini hakutoshi. Kazi kubwa ya kuzuia utapeli wa simu iko mikononi mwa wanaouza laini, wanaobeba simu na meseji hizo, na wanaopitisha pesa inayoibwa. Hao ndio wanaopaswa kubeba sehemu ya hasara pale wanaposhindwa kutimiza wajibu wao.

Tuanze na namna tunavyomtazama aliyeibiwa. Mtu akivunjiwa nyumba, majirani humiminika kumpa pole. Akitapeliwa kwa simu, swali la kwanza analoulizwa ni: “Kwani wewe hukujua?” Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nasi tumeichukua kauli hiyo tukaifanya hukumu. Wapo wanaosema waziwazi kwamba kinachowaponza watu ni tamaa. Sikatai kuwa upo utapeli unaowinda tamaa: meseji za kujiunga na Freemason ili upate utajiri, za waganga wenye pete za bahati, za zawadi ya mchezo ambao hukuucheza. Lakini hebu tuzitazame na zile nyingine. Mwenye nyumba anadai kodi yake. Mtu anayejiita mwalimu wa shule ya bweni anapiga kusema mtoto amezidiwa na anahitaji kupelekwa hospitali. Mama analia kwamba amekosea namba na pesa ya dawa imeingia kwako. Kijana mwenye lugha laini anajitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja, na kwamba laini yako itafungwa jioni usipofuata maelekezo yake. Hapo tamaa iko wapi? Kinachowindwa hapo ni uaminifu wa mpangaji, hofu ya mzazi, huruma ya jirani na utiifu wa mteja. Jamii isiyo na mambo hayo haikaliki. Na ile aibu tunayomwongezea aliyeibiwa ina madhara yake: inamnyamazisha, hivyo haripoti, na asiporipoti namba ile ile kesho inampigia mwingine.

Tukiacha hukumu hiyo kando, tutaona jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kila kinga iliyowekwa kwenye macho na masikio ya mteja, tapeli ameigeuza kuwa sehemu ya maneno yake. Mifumo ya pesa ya simu humwonyesha anayetuma jina la anayepokea kabla hajathibitisha. Kenya, huduma hiyo ya Safaricom huitwa Hakikisha. Ni kinga nzuri, na imewaokoa wengi waliokosea tarakimu. Lakini tapeli ameshaisoma. Ndiyo maana meseji yake inatangulia kukutajia jina litakalotokea, ili ukiliona kwenye kioo uhisi umethibitishiwa, kumbe umethibitishiwa uongo. Tukawaambia watu wasitoe namba ya siri kwa mtu yeyote. Sasa tapeli anaanza kwa kukuonya: “Namba yako ya siri usinitajie, ni siri yako,” halafu anakuongoza hatua kwa hatua kubonyeza nyota na reli hadi unaiingiza mwenyewe na kuidhinisha muamala ambao hukuujua. Onyo letu limekuwa kitambulisho chake. Hata sauti, ambayo tumezoea kuiamini kuliko maandishi, haina tena uhakika. Januari 2024, wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu zenye sauti ya kuigiza ya Rais Joe Biden, iliyotengenezwa kwa kompyuta, ikiwashauri wasijitokeze kwenye kura ya mchujo. Mwezi uliofuata, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikatamka kuwa simu za kujiendesha zenye sauti bandia za aina hiyo ni kinyume cha sheria bila ridhaa ya anayepigiwa. Ikiwa sauti ya rais inaweza kughushiwa, ya mwanao aliye chuoni itashindikana vipi?

Tuongeze na hili, ambalo makampuni hayapendi kulisikia. Simu ya Mtanzania wa kawaida hupokea mchana kutwa matangazo ambayo hakuyaomba: bando la usiku, mkopo wa haraka, michezo ya kubahatisha, droo ambayo “bado kidogo tu ushinde.” Mengi kati ya hayo ni halali na yanatoka kwa makampuni yenye leseni. Lakini yanamzoesha mtu kuona kuwa ni jambo la kawaida asiyemjua kumwandikia usiku akimwahidi pesa na kumtaka abonyeze namba fulani upesi kabla muda haujaisha. Anayetaka kumtapeli mtu huyo hana haja ya kubuni lugha mpya. Anaikuta tayari, imeshazoeleka. Huwezi kumjaza mteja matangazo ya “umechaguliwa” kila siku, halafu siku akidanganywa kwa neno hilo hilo umlaumu kwa kutokuwa makini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikwisha kugusa suala la jumbe zinazotumwa bila kuombwa. Wenye mitandao wangeanza kwa kupunguza kelele zao wenyewe, ili neno la onyo likija lisikike.

Sasa tuulize: tapeli anazipata wapi laini? Kuanzia Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Wengi tulitarajia kwamba utapeli ungekufa hapo, kwa kuwa kila namba sasa ina mwenyewe. Haukufa, na sababu inaonekana ukisimama karibu na meza ya usajili, chini ya mwavuli, kando ya stendi. Mteja anaweka kidole kwenye kifaa. Wakala anatazama kioo, anatikisa kichwa, anasema mtandao unasumbua, kidole hakijasoma, weka tena. Mteja anafuta kidole kwenye nguo na kuweka tena, na pengine mara ya tatu. Akiwa mikononi mwa wakala mwaminifu, kweli mtandao ulisumbua. Akiwa mikononi mwa asiye mwaminifu, ameondoka na laini moja mfukoni na kuacha nyuma nyingine iliyosajiliwa kwa jina lake, ambayo itauzwa kwa mtu asiyemjua. Kwenye kumbukumbu za kompyuta laini hiyo ina mwenyewe halali, mwenye anwani na picha. Anayeishika ni mwingine kabisa. Polisi wakiifuata, wanafika kwa bibi asiyejua lolote. Hapa kosa la bibi ni lipi? Kidole alikiweka alipoambiwa akiweke.

Na majina na namba zetu tapeli anazitoa wapi? Zinapatikana wazi mno. Tazama daftari la wakala wa pesa: safu ya jina, safu ya namba ya simu, kiasi, saini. Liko juu ya kaunta, limefunguliwa, na kila anayefika anaandika chini ya aliyemtangulia. Mtu aliye nyuma kwenye foleni akipiga picha ukurasa mmoja, ana majina ya watu wote waliohudumiwa asubuhi ile na kiasi alichotuma kila mmoja. Akikupigia nusu saa baadaye, akakutaja jina na kiasi, utamwamini, maana nani mwingine angejua? Fikiria pia nakala za vitambulisho zinazobaki kwenye vibanda vya fotokopi, na madaftari ya wageni kwenye mageti ya majengo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na tunayo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo isiishie kwenye ofisi kubwa zenye kompyuta. Inapaswa kufika hadi kwenye daftari hilo la kaunta.

Hapa najua nitaulizwa: makampuni ya simu yafanye nini? Yasikilize mazungumzo yetu yote? Hapana, wala hatutaki. Faragha ya mazungumzo ni haki, na ulinzi unaoanza kwa kuwasikiliza wananchi wote unaumiza zaidi ya ugonjwa wenyewe. Lakini kumtambua tapeli hakuhitaji kusikia neno lake hata moja. Mtu wa kawaida hupigiwa na hupiga. Ana mama, ana fundi, ana rafiki ambaye huongea naye kila siku. Laini ya kitapeli haina ndugu. Imesajiliwa juzi, inapiga mamia ya namba ambazo haijawahi kuwasiliana nazo, hakuna anayeipigia, inapokea pesa kutoka kwa watu wa mikoa mbalimbali, na pesa hiyo inatolewa au kuhamishwa ndani ya dakika chache. Kisha laini inachomolewa na nyingine inaingizwa kwenye simu ile ile. Yote hayo mtandao unayaona bila kusikiliza chochote, kwa sababu ndiyo kumbukumbu zinazotumika kututoza gharama. Na tuna ushahidi kwamba uwezo upo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa takwimu za robo mwaka za majaribio ya utapeli kwa kila mkoa, na Rukwa na Morogoro zimetajwa mara kwa mara kuwa zinaongoza. Anayeweza kutaja mkoa anaiona njia. Juni 2016, TCRA hiyo hiyo ilizizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba tambulishi ya kila simu, ile inayotokea ukibonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Nchi iliyoweza kuzima simu bandia kwa usiku mmoja inaweza kuizima simu iliyobadilishiwa laini kumi za kitapeli.

Kama uwezo upo, mbona kasi haitoshi? Jibu langu ni kwamba hasara yote inamwangukia aliyepigiwa. Kampuni imekwisha kupata ada yake ya kutuma, wakala amekwisha kupata kamisheni yake ya kutoa, na aliyeuza laini amekwisha kulipwa kwa laini aliyouza. Katika mnyororo wote huo, anayepoteza ni mmoja, naye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuzuia. Nchi nyingine zimeligundua hilo na kubadili mwelekeo. Uingereza, tangu Oktoba 7, 2024, mteja aliyedanganywa akatuma pesa mwenyewe kwenye akaunti ya tapeli ndani ya nchi ana haki ya kurudishiwa hadi pauni 85,000, isipokuwa pale uzembe wake ulipopindukia mipaka. Gharama hiyo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Uzito wa mpango huo uko kwa yule anayepokea: benki iliyokuwa haijali nani anafungua akaunti kwake, sasa inajali, kwa sababu akaunti ya tapeli inaigharimu. Singapore nao, tangu Januari 2023, meseji yenye jina la mtumaji ambalo halijasajiliwa huwafikia watu ikiwa na alama ya kuonya kwamba huenda ni utapeli. Mwezi Desemba 2024 wakaanza utaratibu wa kugawana wajibu kwa baadhi ya aina za utapeli wa mtandao. Benki ikishindwa kutimiza majukumu iliyowekewa, inalipa. Benki ikiwa safi na kampuni ya simu ndiyo iliyoteleza, kampuni ya simu inalipa. Wote wawili wakiwa wametimiza, mteja anabeba hasara yake.

Pingamizi la haraka ni kwamba Tanzania si Singapore, na kwamba fidia italeta madai ya uongo: watu watapanga na ndugu zao, watatumiana pesa, kisha watadai wametapeliwa. Pingamizi hili lina uzito, na ndiyo maana napendelea mfano wa Singapore kuliko ule wa Uingereza. Fidia isitolewe kwa kila anayelia. Itolewe pale inapothibitika kwamba kampuni haikufanya ilichotakiwa kufanya. Namba iliripotiwa asubuhi, mbona jioni ilikuwa bado inapokea pesa? Wakala amesajili laini ishirini zilizofungiwa kwa utapeli, mbona bado ana kifaa cha kusajili? Mteja alipiga simu dakika tano baada ya kuibiwa, mbona pesa haikuzuiwa? Hayo ni maswali yenye majibu ndani ya kumbukumbu, na anayedai uongo atanaswa na kumbukumbu hizo hizo. Kuhusu gharama, hadi mwishoni mwa mwaka 2024 akaunti za pesa za simu nchini zilikuwa zaidi ya milioni 60, karibu sawa na Watanzania wote waliohesabiwa katika sensa ya 2022. Biashara iliyokua hivyo imekua juu ya imani ya watu. Kuilinda imani hiyo ni sehemu ya gharama za kufanya biashara yenyewe.

Pingamizi jingine linatoka kwa watu ninaowaheshimu: kwamba tukikaza masharti, atakayeumia ni mkulima wa kijijini anayesafiri nusu siku kupata huduma. Ni kweli, na kwa hiyo masharti mapya yasiwekwe kwa mkulima, yawekwe kwa anayemhudumia. Kila laini ibaki na alama ya wakala aliyeisajili. Kamisheni ya wakala ilipwe baada ya laini kuishi miezi kadhaa bila malalamiko, badala ya kulipwa siku ile ile kwa wingi wa laini alizouza. Mfumo usikubali kidole kile kile kusajili laini ya pili bila mwenyewe kupata meseji kwenye laini yake ya kwanza. Pesa kubwa inayoingia kwenye laini mpya kutoka kwa watu wasiojuana isubiri kidogo kabla ya kutolewa. Mkulima anayeuza mahindi kwa mnunuzi mmoja hataguswa na lolote kati ya hayo. Na anayefungiwa laini kimakosa apewe mahali pa kulalamika na jibu ndani ya siku moja.

Je, msikilizaji amebaki bila kazi? La. Abiria wa daladala anatakiwa kushika vizuri na kumkemea dereva anayekimbia, lakini hatumkabidhi jukumu la breki. Sehemu yako ya kushika ni hii. Huduma kwa wateja ya mitandao yote Tanzania ni namba 100. Anayejiita huduma kwa wateja kwa namba ya kawaida, kata. Ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa, usiamini meseji, fungua menyu na utazame salio lako, kisha mwache aliyekosea afuate utaratibu wa kampuni yake. Ukiambiwa mtoto anaumwa, kata na upige namba ya shule uliyonayo wewe. Simu ya nje ya nchi iliyolia mara moja na kukatika, usiirudie. Bonyeza nyota 106 reli uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda ukaifute. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na jirani yako akitapeliwa, mpe pole kwanza, halafu mkalishe aripoti saa hiyo hiyo, kwa kuwa dakika za mwanzo ndizo zinazoweza kuokoa pesa yake.

Namalizia kwa wenye mamlaka. Namba ya kuripotia tunayo, kampeni ya Sitapeliki imetoa elimu, na laini nyingi zimefungwa. Hayo ni mema na yaendelee. Lakini idadi ya laini zilizofungwa haimwambii aliyeibiwa kama haki yake imepatikana, kwa kuwa laini mpya inasajiliwa kwa dakika chache. Kipimo kiwe fedha iliyorudi kwa wenyewe: ni kiasi gani kiliibwa, kiasi gani kilizuiwa kabla hakijatolewa, kampuni ipi ilirudisha, ndani ya saa ngapi. Takwimu hizo zikitangazwa kila robo mwaka kwa jina la kila mtandao, kila kampuni itajua kwamba wateja wanaona nani anawalinda na nani anawaacha, nao wataanza kuchagua mtandao kwa kigezo hicho. Siku hiyo mapambano haya hayatakuwa tena kati ya tapeli mjanja na mama mmoja mwenye simu ya tochi.